Gia huchaguliwa juu ya mlima

Harufu ya breki zinazoungua ni kali, ina ukakasi wa kemikali, na ikishaingia ndani ya gari hakuna anayeuliza ni nini. Inapofika puani katikati ya mteremko, kosa lenyewe limeshapita. Lilifanyika kule juu, kabla ya kona ya kwanza, pale dereva alipouanza mteremko na gia ya tano huku akijiambia kwamba breki zipo.

Zipo, ndiyo. Tatizo ni kiasi cha joto zinachoweza kubeba, na hilo linahesabika.

Chukua gari dogo lenye uzito wa kilo 1,500 likishuka mteremko wa asilimia 7, yaani mita 7 kwenda chini kwa kila mita 100. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, gari hilo linapoteza kimo cha mita 1.17 kila sekunde. Nishati ya kimo hicho lazima iende mahali, na ni kilowati 17 hivi. Upepo na msuguano wa tairi barabarani hula kama 5. Zinabaki 12, sawasawa na majiko sita ya umeme ya kilowati 2 yaliyowashwa moto wa mwisho. Kwa dereva anayeshuka kwa pedali peke yake, majiko hayo yote yamefungwa ndani ya magurudumu manne. Mteremko wa kilomita 10 kwa mwendo huo unachukua dakika 10. Sasa weka lori la tani 30 kwenye mteremko wa asilimia 6, kilomita 40 kwa saa: baada ya kutoa msuguano wa tairi, zinabaki karibu kilowati 170.

Diski ya breki ni kipande cha chuma cha kilo chache. Inafyonza joto jingi kwa ghafla bila shida, ndiyo maana gari linaweza kutoka mwendo wa 120 hadi sifuri kwa sekunde chache na breki zikabaki salama. Kulitoa joto hilo mfululizo ndiko kunakoishinda. Injini iko kinyume chake. Ina rejeta, ina maji yanayozunguka, feni, oili na bomba la ekzosi, na imetengenezwa kutoa joto kutwa nzima bila kuchoka. Kwa hiyo ule usemi wa kwamba "pedi ni rahisi kuliko injini, bora utumie breki" unajibu swali ambalo hakuna aliyeuliza. Bei ya pedi haihusiki hapa. Kinachohusika ni nani kati ya hao wawili anaweza kubeba moto kwa dakika kumi.

Injini inazuia gari kwa njia gani

Watu wengi husema ni kompresheni. Si kweli sana. Hewa iliyobanwa ndani ya silinda ni kama springi: pistoni ikipanda inaibana, ikishuka hewa hiyo hiyo inairudishia karibu nguvu yote. Kwenye injini ya petroli, sehemu kubwa ya uzuiaji inatoka upande wa kuvuta hewa. Ukiondoa mguu kwenye mafuta, kipepeo cha njia ya hewa kinafunga, na pistoni zinashuka zikivuta dhidi ya mlango uliofungwa. Nyonya hewa kutoka kwenye chupa kisha jaribu kuendelea kunyonya: ule ukinzani unaoupata mashavuni ndio huo. Ongeza msuguano wa pete za pistoni, beringi, pampu ya oili na pampu ya maji, na unapata breki isiyochakaa.

Dizeli nyingi za magari mazito hazina kipepeo hicho kwa kazi hii. Hewa inaingia bila kizuizi, kwa hiyo injini ya dizeli isiyo na kifaa cha ziada inazuia kidogo kuliko ukubwa wake unavyotisha. Hapo ndipo vifaa vya ziada vinapoingia. Breki ya ekzosi ni kipepeo kinachofungwa kwenye bomba la moshi ili pistoni zisukume hewa kwa taabu. Ya pili, breki ya kompresheni, inaenda kwenye chanzo na kuivunja ile springi: inafungua valvu za ekzosi karibu na mwisho wa kubana, hewa inatoroka kabla haijapata nafasi ya kuisukuma pistoni chini, na ndiyo inayotoa ule mlio wa kukatakata unaosikika bonde zima. Aliyeibuni ni Mmarekani Clessie Cummins, ambaye mwaka 1931 aliteremka Cajon Pass huko California na lori la dizeli lililomaliza breki, treni ikipita mbele yake chini ya mlima. Kifaa chenyewe kiliingia sokoni mwaka 1961. Ya tatu ni ritada, inayofungwa kwenye giaboksi au shafti na kuzuia kwa oili au kwa sumaku ya umeme. Ritada ya oili hupeleka joto lake kwenye maji ya rejeta, kwa hiyo dereva wake huchunga geji ya joto kama dereva mwingine anavyochunga breki.

Kwa vyovyote vile, kitu kimoja hakibadiliki: uzuiaji unaongezeka mizunguko ya injini inapoongezeka. Breki ya ekzosi kwenye mizunguko 1,200 kwa dakika ni mapambo. Kwenye 2,000 ni mfanyakazi.

Na kuhusu wanaoweka frii mteremkoni "kuokoa mafuta": injini yenye injekta za kompyuta, ukiliacha gari kwenye gia bila kukanyaga mafuta, inakata mafuta kabisa mpaka mizunguko ishuke karibu na ya sailensa, yaani ya injini iliyowashwa bila kukanyagwa mafuta. Inazungushwa na magurudumu bure. Ukiweka frii, inabidi ijizungushe yenyewe, na injini ndogo ya petroli hula kati ya nusu lita na lita moja kwa saa kwa kazi hiyo. Kwa hiyo anayeweka frii anapoteza breki na anapoteza mafuta, vyote kwa pamoja. Anayezima injini kabisa anapoteza zaidi: busta ya breki, ile inayouongezea mguu nguvu, inabaki na akiba ya kukanyaga mara mbili au tatu tu, usukani unakuwa mzito, na akichomoa ufunguo usukani unaweza kujifunga.

Namba za gia

Tuseme uwiano wa difu ya gari, yaani gia za mwisho kabla ya magurudumu, ni 4.1 na tairi ikizunguka mara moja inakwenda mita 1.95. Kwa kilomita 60 kwa saa, gurudumu linazunguka mara 513 kwa dakika. Zidisha kwa 4.1, unapata 2,100. Gia ya nne ikiwa moja kwa moja, yaani uwiano wa 1.0, hiyo ndiyo mizunguko ya injini. Gia ya tano yenye uwiano wa 0.85 inashuka hadi 1,790. Ya tatu, 1.4, inapanda hadi 2,945. Ya pili, 2.0, inafika 4,200.

Faida inapatikana mara mbili. Injini inayozunguka haraka inazuia zaidi, kisha gia inakizidisha kile kizuizi kabla hakijafika kwenye tairi. Ndiyo maana kutoka ya tano kwenda ya nne hausikii kitu, lakini kutoka ya tatu kwenda ya pili kichwa kinainama mbele. Kwa gari letu la kilo 1,500 lenye injini ya lita 1.8, gia ya tatu inabeba sehemu kubwa ya zile kilowati 12 na breki zinamalizia. Ya pili inaweza kuzibeba zote.

Mizunguko 4,200 inawatia hofu madereva waliozoea kubadili gia kwenye 2,500. Sauti ni kubwa, hilo halikataliki. Lakini injini ya petroli yenye mstari mwekundu kwenye 6,000 na kitu haiumii kwenye 4,200, hasa ikiwa haichomi mafuta wala haina mzigo wa moto ndani ya silinda. Kinachoiumiza ni kupita mstari mwekundu, na hapa pana mtego. Kompyuta ya gari inazuia injini isipite kiasi kwa kukata mafuta. Mteremkoni mafuta yameshakatwa, wanaoizungusha ni magurudumu. Ukitumbukiza gia ya pili kwenye mwendo wa 100, hesabu ile ile inatoa mizunguko 7,000, na hakuna kompyuta itakayoizuia. Valvu huanza kuelea, yaani kuchelewa kufunga, zinaweza kugonga pistoni, na hapo unakuwa na injini ya kufungua.

Kwa hiyo mpangilio ni breki kwanza, gia baadaye. Ukiwa bado juu, kabla ya bango la mteremko, punguza mwendo kwa breki hadi ule unaofaa kona ya kwanza. Kanyaga klachi, weka gia, gusa mafuta kidogo ili mizunguko ipande karibu na itakakokuwa, kisha achia klachi taratibu. Ule mguso wa mafuta ndio unaookoa klachi. Dereva anayeachia klachi kwa kishindo kwenye mizunguko 1,000 anaifanya sahani ya klachi iwe breki, na huko ndiko ulikotoka uvumi kwamba kushuka kwa gia kunamaliza klachi. Shuka gia moja moja: ya tano, ya nne, ya tatu.

Kipimo cha gia sahihi ni rahisi. Gari likiwa kwenye mteremko, toa miguu yote kwenye pedali na hesabu sekunde tano au sita. Mwendo ukibaki pale pale au ukipanda pole pole, umepata. Ukipanda kwa kasi, kanyaga breki, shuka gia moja, pima tena. Ile kanuni ya zamani ya kushuka na gia uliyopandia bado inafaa kama mwanzo, ila kwa magari ya sasa yenye umbo laini na injini zenye nguvu, mara nyingi gia ya kushukia ni moja chini ya ile ya kupandia.

Kwenye lori lenye giaboksi isiyo na sinkronaiza, kile kifaa kinacholinganisha mwendo wa gia kabla meno hayajashikana, kuchelewa hakusameheki. Ukitoa gia katikati ya mteremko na lori likaongeza mwendo wakati unatafuta ya chini, meno hayatakubali. Hiyo ya juu nayo inaweza kukataa kurudi. Umebaki frii na tani 30 nyuma yako.

Gari la otomatiki lina breki hii pia, ni basi tu haliitoi lenyewe. Kwenye D, nyingi zinapanda gia ukiondoa mguu, kwa sababu zinaelewa kwamba unataka kutiririka. Sogeza mkono wa gia kwenye 3, 2, L au S, au tumia alama za kujumlisha na kutoa. Kwenye magari ya zamani kidogo kuna kitufe cha O/D pembeni ya mkono wa gia: taa ya "O/D OFF" ikiwaka, gia ya juu kabisa imefungwa, na hiyo ni hatua ya kwanza tu kwa mlima wa maana. Herufi B kwenye magari ya haibridi ni ya kazi hii hii. Betri ikijaa, umeme hauna pa kwenda, na gari linaizungusha injini ya petroli ili ile nishati ipotelee humo. Magari ya umeme matupu hayana hiyo injini, kwa hiyo anayeishi juu ya mlima asichaji hadi asilimia 100 asubuhi ya kushuka. Betri iliyojaa inakataa kupokea, na uzuiaji wa mota unapungua palepale unapohitajika.

Pikipiki ya gia inafuata kanuni zilezile, mradi klachi isishikwe njia nzima. Skuta za mkanda ni tofauti: zikipunguza mizunguko mno, klachi yake huachia yenyewe na inabaki kutiririka, kwa hiyo gusa mafuta kidogo ili ishike tena. Zile za viharusi viwili vya mafuta mchanganyiko zina shida yake: oili inakuja na petroli, ukifunga mafuta kabisa kwa muda mrefu na injini inazunguka kwa kasi, pistoni inakauka. Zipe mafuta kidogo kila baada ya muda.

Breki nazo zina adabu yake

Gia ikishabeba uzito, breki zinabaki na kazi ya kurekebisha. Njia inayofundishwa madereva wa malori ni hii: chagua mwendo wa juu usiotaka kuuvuka, tuseme 60. Ukifika 60, kanyaga kwa uhakika kama sekunde tatu mpaka mwendo ushuke hadi 50 au 52, kisha achia kabisa. Ukipanda tena hadi 60, rudia. Mguu usikae juu ya pedali kati ya mara moja na nyingine.

Kuna anayebisha kwamba kukanyaga kidogo kidogo bila kuachia ni sawa, kwa kuwa jumla ya joto ni ile ile. Kwenye karatasi hajakosea sana. Kwenye lori la breki za upepo amekosea, kwa sababu presha ndogo haizigusi breki zote sawasawa. Zile zinazoanza kushika mapema hubeba kazi ya wenzake na kuungua, nyingine zikiwa baridi. Kukanyaga kwa uhakika kunaziamsha zote. Zaidi ya hapo, anayekanyaga na kuachia anaijua hali ya gari lake: sekunde tatu zikigeuka kuwa tano kwa matokeo yale yale, breki zimeanza kuchoka, na bado ana nafasi ya kusimama.

Kuchoka kwenyewe kuna sura mbili, na mguu unaweza kuzitofautisha. Pedali ikiwa ngumu kama kawaida lakini gari halipungui, ni pedi: zimepita joto lake, zinatoa gesi na kuteleza juu ya diski. Pedali ikiwa laini kama sponji au ikienda hadi chini, ni mafuta ya breki yamechemka. Mvuke unabanika, mafuta hayabaniki, kwa hiyo mguu wako unabana mapovu badala ya kusukuma kalipa, ile inayobana pedi kwenye diski. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi 205, lakini yakishavuta maji kwa asilimia 3.7 hivi huchemka kwenye 140. DOT 4 huanza na 230 na kushuka hadi 155. Yanavuta unyevu wenyewe kutoka hewani, hata kama gari halitembei. Kubadilisha kila baada ya miaka 2 ni kwa sababu hiyo. Fundi anayeongeza juu tu mpaka alama ya juu hajabadilisha kitu.

Ngoma za breki za lori zina ujanja mwingine mbaya. Zikipata moto zinapanuka na kuvihama viatu vya breki. Fimbo ya chemba ya breki, ile inayosukumwa na upepo, inalazimika kusafiri zaidi, na kama breki zilikuwa hazijakazwa vizuri tangu awali, fimbo inafika mwisho wa safari yake kabla viatu havijagusa. Geji ya upepo inaonyesha imejaa. Kila kitu kwenye dashibodi ni kizima. Lori halisimami.

Barabara ikiwa na maji au tope, kuna tahadhari ya upande wa pili. Breki ya injini inashika magurudumu yanayoendeshwa tu. Gia ya chini mno kwenye utelezi inaweza kuyafanya yaburuzike, na kwenye gari linalosukumwa na nyuma mkia unataka kupita mbele. Lori lenye tela tupu ndilo la kuogopwa zaidi: ritada au breki ya ekzosi ikishika ghafla, kichwa kinapungua mwendo, tela halina habari, na vinakunjana kama kisu cha mfukoni. Kwenye mvua punguza hatua ya ritada au izime, shuka taratibu zaidi tangu juu, na gia ishuke kabla ya utelezi.

Breki zikiondoka kabisa, usizime injini. Pampu pedali kwa haraka: kama ni mafuta yaliyochemka, wakati mwingine presha inarudi kidogo. Shuka gia moja moja. Vuta breki ya mkono pole pole ukiwa umebonyeza kitufe chake ili uweze kuiachia nyuma ikianza kuteleza, na ufanye hivyo kwenye sehemu iliyonyooka. Breki ya mkono ya umeme, kwenye magari mengi, hufanya kazi ukivuta swichi na kuishikilia. Njia ya dharura ya changarawe ikitokea, ingia, na uingie kwa kunyooka. Madereva huipita wakitumaini kona inayofuata itakuwa na nafuu. Kwa mwendo ule, njia ya pili huenda isifikike.

Chini ya mlima, usikimbilie kusimama. Endesha taratibu kilomita moja au mbili upepo upite kwenye diski, kwa sababu ukisimama na pedali imekanyagwa, pedi za moto zinaganda alama yake kwenye diski na utasikia mtetemo wiki nzima. Usimwagie maji, chuma cha moto kikipozwa ghafla hupasuka. Ukiegesha, tumia gia na mawe kwenye tairi badala ya breki ya mkono mpaka zipoe, nusu saa hivi. Ukianza tena kukanyaga mafuta na moshi wa bluu ukatoka nyuma kwa sekunde chache, mihuri ya valvu imechakaa na injini ilikuwa inavuta oili wakati wa kushuka. Haikuharibiwa na mteremko, imefichuliwa nao.

Kisha zunguka gari na upitishe mgongo wa mkono karibu na kila rimu, bila kugusa. Za mbele huwa na joto zaidi ya za nyuma, hilo ni la kawaida. Linganisha kushoto na kulia. Moja ikiwa moto kuliko pacha wake, kalipa inabana bila kuachia. Moja ikiwa baridi, hilo gurudumu halikufanya kazi, na mengine matatu yalibeba sehemu yake tangu kule juu.